Jifunze Mimea kwa Mikono Yako: Mwongozo Kamili wa Kutumia Bustani ya Mimea

Ukiingia bustani ya mimea na saa mbili mkononi na simu yenye chaji, ni rahisi kutoka na picha mia moja bila kuujua mmea hata mmoja. Bustani hizi hazikuanzishwa ili zipendeze tu, ingawa zinapendeza. Ile ya Padova, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari waione kwa macho mimea ya dawa waliyokuwa wakiisoma vitabuni, maana kuchanganya mimea miwili inayofanana kungeweza kumuua mgonjwa. Ya Chelsea, London, ilianzishwa 1673 na chama cha watengeneza dawa kwa ajili ya kuwafundishia wanagenzi wao. Zote mbili zipo hadi leo, na ndani ya ile ya Padova bado umesimama mti wa jamii ya mitende, Chamaerops humilis, uliopandwa mwaka 1585. Kwa hiyo unapopita lango la bustani ya mimea unaingia darasani, hata kama hakuna mwalimu anayekusubiri.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye na shahada ya mimea ila ana daftari, penseli na subira. Unaanzia langoni na kuishia kwenye kitalu chako mwenyewe. Ukipenda, ruka sehemu ya kubebesha, yaani kuunganisha tawi la mmea mmoja kwenye shina la mwingine. Sehemu ya kibao usiiruke, kwa sababu kazi zote zinazofuata zinaegemea hapo.

Kabla ya kwenda

Beba daftari lenye jalada gumu, penseli (wino hutawanyika ukilowa), rula fupi, na lenzi ndogo ya mkono inayokuza mara kumi. Lenzi hiyo ndicho kifaa pekee ninachosisitiza. Ukiisogeza karibu kabisa na jicho, kisha ukaleta ua mpaka lionekane vizuri, utaona vinyweleo, tezi za mafuta na chavua ambavyo macho matupu hayavipati.

Nenda asubuhi. Maua mengi huwa bado hayajanyauka, wadudu wachavushaji wako kazini, na watunza bustani wako nje kabla jua halijawa kali. Langoni uliza mambo matatu: ramani, masharti ya kugusa na kuokota, na kama kuna mafunzo ya vitendo au siku za kujitolea. Hilo la tatu wageni wengi hawaliulizi, na ndilo litakalokufikisha mbali kuliko yote.

Chagua mimea mitano uiache iliyobaki

Hii ndiyo nidhamu ngumu kuliko zote. Bustani kubwa ina maelfu ya spishi, nawe unataka kuona kila kitu. Siku ya kwanza tembea ukiwa huru, shibisha macho. Kisha chagua mimea mitano tu ambayo utairudia: mti mmoja mkubwa, kichaka kimoja, mmea mmoja wa kivulini, mmoja wa sehemu kavu au wa majini, na mmoja ambao unaamini tayari unaujua. Huo wa mwisho huwa ndio wenye mshangao mwingi.

Rudi kwenye mimea hiyohiyo kwa msimu mzima: ikipukutisha, ikichipua, ikichanua, ikizaa. Mti ulioutazama mara nane ukiwa katika hali nane utautambua hata gizani kwa kupapasa gome. Andika tarehe kila mara. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na kalenda ya mimea mitano, na kalenda ya namna hiyo haipatikani dukani.

Soma kibao mstari kwa mstari

Wageni husoma jina la kawaida na kuondoka. Kibao kina mengi zaidi. Chukua mfano wa kibao chenye maneno haya: Fabaceae, Senna alata (L.) Roxb.; Amerika ya kitropiki; 1998-0412.

Neno la kwanza ni familia. Majina ya familia za mimea kwa kawaida huishia na -aceae, hivyo utalitambua hata usipolielewa. Yanayofuata ni jenasi (kundi la spishi zilizo karibu) na spishi, yakiandikwa kwa herufi za mlalo. Kisha kuna vifupisho vinavyoonekana kama takataka: hivyo ni majina ya waliouandikia mmea huo jina lake. L. ni Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, ambaye orodha yake ya mwaka 1753 ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo rasmi wa majina ya kisayansi ya mimea. Akiwekwa kwenye mabano, maana yake aliuweka mmea katika jenasi nyingine, na mtu wa pili, hapa Roxburgh, akauhamisha. Mabano hayo yanakuonya kwamba katika vitabu vya zamani mmea huu utaukuta kwa jina tofauti, Cassia alata.

Ukiona alama ya × katikati ya jina, huo ni mmea chotara. Ukiona neno ndani ya alama moja-moja za nukuu, kama 'Alba', hiyo ni aina iliyochaguliwa na watu, na mara nyingi haitabaki ileile ukiipanda kwa mbegu. Shika hilo, tutalihitaji kwenye vipandikizi.

Mstari wa asili usiuchanganye na jina. Mkwaju unaitwa Tamarindus indica, na bado asili yake ni Afrika. Aliyeutaja indica alikuwa akifuata habari alizokuwa nazo. Amini mstari wa asili kuliko kivumishi cha Kilatini.

Mwisho kuna namba ya usajili. Kwa kawaida tarakimu za mwanzo ni mwaka mmea ulipopokelewa, na zinazofuata ni nafasi yake katika daftari la mwaka huo. Bustani nyingine huongeza herufi: W kwa mmea uliochukuliwa porini, Z kwa uliozalishwa kutoka kwa mmea wa porini, G kwa uliotoka bustanini, usio na asili ya porini. Namba hii ndiyo inayotofautisha bustani ya mimea na bustani nyingine yoyote nzuri. Mti usio na namba ni mti tu. Wenye namba unaweza kuuliziwa ofisini ukaambiwa ulitoka mlima gani, ulikusanywa na nani, na ulifika kama mbegu au kama mche.

Kutoka kwenye asili hadi kwenye matunzo

Kama kuna jambo moja ambalo ningependa uondoke nalo ni hili: swali la "huu mmea unatunzwaje?" hujibiwa na swali la "huu mmea umetoka wapi?"

Hakuna mfano ninaoupenda kuliko yungiyungi mdogo wa Rwanda, Nymphaea thermarum. Mtaalamu wa Kijerumani, Eberhard Fischer, aliukuta mwaka 1987 kando ya chemchemi ya maji moto. Baadhi ya majani yake hayazidi upana wa sentimita moja, na hakuna yungiyungi mdogo kuliko huyo. Baadaye maji ya chemchemi yale yalielekezwa kwingine, na mmea ukatoweka pale. Mbegu zilizokuwa zimehifadhiwa zikapelekwa pia bustani ya mimea ya Kew, London, ambako mtunza bustani Carlos Magdalena alizipanda kama yungiyungi wengine, chini ya maji. Miche ilitoka, ikadumaa, ikafa. Alibadilisha hiki na kile bila mafanikio, mpaka aliporudi kwenye maelezo ya mahali ulikotoka: mmea huu haukuwa ukiishi ndani ya maji ya kina, ulikuwa kwenye tope la pembezoni ambako maji yamekwisha kupoa mpaka nyuzi 25 hivi. Akaweka vyungu ili uso wa udongo ulingane na uso wa maji, miche ipate hewa ya kutosha, na mwaka 2009 yungiyungi hao wakachanua. Mbolea hazikuwa jibu. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye maelezo ya makazi yake.

Basi mbele ya kila mmea wako mmoja kati ya ile mitano, jibu kwenye daftari maswali manne. Kule kwao mvua hunyesha miezi yote au kuna kiangazi kirefu? Unaishi kwenye jua kali, kivuli, au juu ya matawi ya miti mingine? Udongo wake ni mchanga, mfinyanzi, mwamba au majani yaliyooza? Usiku wa kwao una baridi kiasi gani? Kisha angalia watunza bustani wameigiza nini: changarawe juu ya udongo, kitambaa cha kivuli, vinyunyizio vya ukungu, magome ya miti badala ya udongo. Okidi nyingi huishi juu ya miti, ndiyo maana mizizi yake huoza ikifukiwa kwenye udongo wa kawaida. Mshubiri wa sehemu kavu hufa kwa kumwagiliwa na mtu anayeupenda.

Tazama kwa utaratibu

Anza na shina, halafu majani, halafu ua, halafu tunda. Utaratibu huu unazuia macho yasikimbilie ua peke yake.

Kwenye shina tazama kama ni la mviringo au lina pembe, na kama lina utomvu mweupe, jambo ambalo mara nyingi jani lililovunjika lenyewe litakuonyesha. Kwenye majani tazama mpangilio kwanza: yanapishana, yanatazamana mawilimawili, au yanazunguka kifundo, yaani pale majani yanapotokea kwenye shina?

Hapa wanaoanza hujikwaa: jani liko wapi hasa? Kwenye mbuyu unaona vipande vitano au zaidi vilivyoenea kama vidole vya mkono, na kwenye mkwaju safu mbili za vipande vidogovidogo. Je, kila kipande ni jani? Tafuta chipukizi. Chipukizi hukaa kwenye kwapa la jani, pale jani linapoungana na tawi, na kamwe halikai chini ya kijijani. Fuata kikonyo mpaka ufike penye chipukizi. Vyote vilivyo juu ya hapo ni jani moja. Jaribu hili kwa miti mitatu na hutalisahau tena.

Chora unachoona. Hakuna anayedai mchoro mzuri; mchoro hukulazimisha kuamua kama ukingo wa jani una meno au hauna, na picha ya simu haikulazimishi kuamua lolote. Andika vipimo pembeni.

Kuna zoezi moja ambalo karibu kila bustani yenye sehemu ya mimea ya jangwani inaweza kukupa. Simama kati ya dungusi kakati, yaani mmea wa familia ya Cactaceae, na mnyaa wa jenasi ya Euphorbia wenye miiba. Vyote viwili vina shina nene la kijani, mbavu na miiba, na mgeni huapa kwamba ni ndugu. Kumbe dungusi karibu zote asili yake ni mabara ya Amerika, na minyaa ya namna hii mingi ni ya Afrika. Ukame uliipa maumbo yanayofanana kwa njia tofauti kabisa. Chukua lenzi. Miiba ya Cactaceae hutoka kwenye kivimbe kidogo chenye manyoya, mara nyingi mingi pamoja. Ya Euphorbia mara nyingi hutoka miwilimiwili, bila manyoya. Na Euphorbia ina utomvu mweupe. Usikate ili kuthibitisha. Tosheka na miiba.

Jifunze kwa familia

Kukariri spishi mojamoja hakuna mwisho. Familia kumi zitakubeba mbali. Lamiaceae, ya mrehani na mnanaa, mara nyingi ina shina la pembe nne, majani yanayotazamana, na harufu. Fabaceae, ya maharage na mkwaju, utaijua kwa ganda lake. Solanaceae inawaweka pamoja nyanya, pilipili, biringanya na tumbaku. Tazama ua la nyanya na la biringanya chini ya lenzi, stameni (sehemu za kiume zenye chavua) zimeshikana katikati kama koni. Euphorbiaceae ina muhogo, mbarika na mpira, na tunda ambalo mara nyingi lina vyumba vitatu. Malvaceae ndiyo inayofurahisha: pamba, bamia, haibiskasi, kakao na mbuyu zote zimo humo. Ukikata ua la bamia kwa urefu, utaona stameni zimeungana kuwa bomba linalozunguka mrija wa katikati. Nenda ukatafute bomba hilohilo kwenye haibiskasi.

Bustani nyingi zina sehemu iliyopangwa kwa familia, vitalu vya mstatili vinavyoonekana vya kuchosha. Ndizo sehemu bora za kujifunzia, na huwa tupu.

Mikono: kinachoruhusiwa na kinachodhuru

Gusa gome, nusa jani lililoanguka, okota kilicho chini kama masharti yanaruhusu. Usichume. Usikate tawi hata dogo, na usitie mbegu mfukoni. Januari 2014 mmea mmoja wa yule yungiyungi wa Rwanda uliibwa Kew. Kipande kinachoonekana kidogo kwako huenda ni nusu ya kumbukumbu ya kizazi kizima. Ukitaka mbegu au kipandikizi, omba. Bustani nyingi zina siku za kuuza au kugawa miche ya ziada. Na usivushe mmea mpaka wa nchi bila cheti cha afya ya mimea.

Kuhusu sumu, usifanye mzaha. Utomvu wa Euphorbia, hasa mnyaa wa uzio (Euphorbia tirucalli), ukiingia machoni unaweza kupofusha kwa muda na kujeruhi vibaya. Osha mara moja kwa maji mengi ya bomba na uende hospitali. Mbegu za mbarika zina sumu kali iitwayo risini. Nerium oleander, kichaka cha mapambo, ina sumu kuanzia jani hadi ua. Kanuni ya watoto iwe fupi: hakuna kinachoingia mdomoni, na mikono inaoshwa kabla ya kula.

Kupanda mbegu

Sasa tunaingia kitaluni, ama kwenye mafunzo ya bustani yenyewe ama nyumbani.

Jambo la kwanza ni kujua mbegu yako ni ya kundi gani. Mbegu za kundi moja hukubali kukaushwa na kuhifadhiwa: nafaka, mikunde, nyanya, mboga nyingi. Benki ya mbegu ya Kew iliyoko Wakehurst huzikausha kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 15 kisha huzigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, zikadumu miongo mingi. Kundi la pili hufa zikikauka: embe, kakao, fenesi, parachichi, mpira. Mwaka 1876 Henry Wickham alisafirisha mbegu zipatazo 70,000 za mpira kutoka Brazili hadi Kew. Zilizoota hazikufika 3,000. Safari ilikuwa ndefu na mbegu za mpira hazisubiri. Mbegu ya kundi hili ioshe nyama yake na uipande ndani ya siku chache.

Mbegu za kundi la kwanza zijaribu kabla ya kupanda. Weka kumi kwenye karatasi laini yenye unyevunyevu, ikunje, iingize ndani ya mfuko wa plastiki, iweke mahali penye joto la wastani na uangalie kila siku. Zikiota saba, unajua upande kwa wingi gani.

Mbegu zenye ganda gumu, kama za miti mingi ya Fabaceae, hazipitishi maji. Zisugue upande mmoja kwa msasa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, ukikwepa upande wenye kovu ambako kiinitete kipo, kisha ziloweke usiku kucha. Zilizovimba ziko tayari. Ambazo hazikuvimba, zirudie msasa. Nyingine zina masharti ya ajabu zaidi: mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba moshi wenyewe, bila joto la moto, unaweza kuamsha mbegu za mmea wa fynbos (uoto wa vichaka wa Afrika Kusini) uitwao Audouinia capitata, na bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, ikaendeleza matumizi ya maji yaliyopitishwa moshi kwa mbegu za mimea mingine mingi. Tena tunarudi palepale: ni mimea ya nchi inayoungua mara kwa mara.

Udongo wa kuoteshea usiwe na rutuba nyingi. Changanya mchanga safi wa mto na mboji iliyoiva na kuchujwa, nusu kwa nusu, kwenye trei yenye matundu. Panda kwa kina cha mara mbili hadi tatu ya unene wa mbegu. Mbegu ndogo kama vumbi usizifunike kabisa; zikandamize taratibu, kwani nyingi huhitaji mwanga. Mwagilia kwa kuweka trei ndani ya beseni la maji mpaka uso wa udongo ulowe kutoka chini, ndipo uitoe ichuruzike. Ukimwagia juu utazisogeza zote pembeni.

Miche ikinyauka ghafla kwenye usawa wa udongo na kuanguka, huo ni ugonjwa wa kuvu, na chanzo chake karibu kila mara ni maji mengi, msongamano na hewa isiyopita. Punguza yote matatu. Hamishia kwenye viriba miche ikipata majani mawili ya kweli (yanayofuata yale ya kwanza ya mbegu), ukiishika kwa jani na kamwe si kwa shina.

Vipandikizi

Kipandikizi ni mmea uleule, si mtoto wake. Ndiyo maana aina zilizochaguliwa huendelezwa hivi, na ndiyo maana pia njia hii ina kikomo. Mwaka 1895 John Medley Wood, msimamizi wa bustani ya mimea ya Durban, alikuta msituni sikadi (mmea wa kale unaofanana na mtende) ya kiume ambayo baadaye ilipewa jina lake, Encephalartos woodii. Hakuna wa kike aliyewahi kupatikana. Machipukizi yake yamesambazwa katika bustani nyingi duniani, na kila moja ni yuleyule dume mmoja. Yanaweza kuongezeka, hayawezi kuzaa mbegu yake halisi.

Kwa mimea laini chukua ncha changa isiyo na ua, sentimita 10 hadi 15, asubuhi mapema ikiwa imejaa maji. Kata kwa wembe au kisu kikali chini kidogo ya kifundo, kwa sababu mizizi hupenda kutokea hapo. Ondoa majani ya nusu ya chini. Majani makubwa ya juu yakate nusu ili yasipoteze maji. Toboa shimo kwenye mchanga wenye unyevu kwa kijiti, ingiza kipandikizi, bana udongo kwa vidole, mwagilia, funika kwa mfuko wa plastiki usiogusa majani, weka kivulini. Mfuko uufungue kidogo kila siku ili hewa ibadilike. Baada ya wiki chache vuta polepole sana: kikikataa, kimeota mizizi.

Kwa matawi magumu yasiyo na majani kuna hila moja ya watunza bustani inayookoa aibu nyingi: kata mwisho wa chini kwa mshazari na wa juu uwe bapa. Tawi lililochomekwa kichwa chini haliendelei vizuri, na ukiwa na matawi hamsini mezani hutakumbuka lipi ni lipi.

Mimea minene ya jangwani ni kinyume. Vaa glavu, kata, kisha kiache kipande kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke, ndipo upande. Na ipo inayoota kwa jani: chomeka kikonyo cha jani la Saintpaulia, ua la misitu ya Afrika Mashariki, kwenye mchanga wenye unyevu, na miche midogo itachomoza pale chini.

Kubebesha

Hii ijifunze mbele ya mtu anayeijua; nusu saa mezani pake ni bora kuliko maelezo yoyote, yakiwemo haya. Lengo ni moja: tabaka jembamba la kijani chini ya gome, kambiamu, la kikonyo (hapa ni kijitawi kinachounganishwa) lilingane na la shina mama, hata kama ni upande mmoja tu. Chagua mimea ya jenasi moja, au iliyo karibu sana. Kata shina mama bapa, lipasue katikati kwa kina cha sentimita tatu, chonga kikonyo kama kabari kwa mikato miwili isiyosita, kiingize, kaza kwa utepe wa plastiki, funika. Jeraha lisikauke na lisiguswe na vidole. Jizoeze kwanza kwa vijiti vya mti usio na thamani. Migomba na minazi haibebeshwi hata ujitahidi vipi, kwa sababu haina mzunguko wa kambiamu.

Chochote kinachochipua chini ya kiungo kiondoe mara moja. Huo ni mti mama unaotaka kurudi.

Kujitolea, na kwenda na watoto

Siku moja ya palizi pamoja na mtunza bustani mzoefu ina mafunzo mengi kuliko ziara kumi za matembezi, kwa sababu kupalilia ni kutambua miche ingali na majani mawili. Utapewa kazi za chini mwanzoni: kutandaza, kupepeta mboji, kuosha viriba. Zifanye vizuri. Uliza maswali mafupi mikono ikiwa kazini, "hii unaipogolea lini, na kwa nini si sasa?", na uandike jibu jioni.

Watoto usiwatembeze bustani nzima. Mpe kila mmoja mti wake, aukumbatie kupima mzingo, aweke karatasi juu ya gome na kuisugua kwa kalamu ya nta, atafute jani lake chini kati ya mengine. Saa moja inatosha. Walio wadogo zaidi wape mbegu kubwa za maharage ndani ya chupa angavu, kati ya kioo na karatasi yenye unyevu, wauone mzizi ukitangulia.

Kausha sampuli chache

Kwa mimea yako mwenyewe, tandaza tawi lenye jani, ua na tunda kati ya kurasa za gazeti, jani moja likigeuzwa ili upande wa chini uonekane. Weka kati ya mbao mbili zenye uzito, badilisha gazeti kila siku kwa siku tano za mwanzo. Likikauka libandike kwenye karatasi ngumu. Hebaria nyingi (hifadhi za mimea iliyokaushwa) hutumia ya takriban sentimita 29 kwa 42. Pembeni andika mahali, tarehe, urefu wa mmea, na rangi ya ua, kwani rangi itapotea.

Daftari la kitalu chako

Kila kinachoingia kitaluni kipewe namba siku hiyohiyo: mwaka, kistari, nafasi. Mche wa kwanza wa mwaka ni 001, nao vipandikizi kumi kutoka tawi moja vina namba moja na herufi A hadi J. Andika namba kwenye kibao cha plastiki kwa penseli laini, kwa maana kalamu nyingi za wino hufutwa na jua ndani ya msimu mmoja, au ikwaruze kwenye kipande cha bati la alumini. Mche uliobebeshwa uandikie majina mawili, la juu na la chini.

Ndani ya daftari weka safu za jina, umetoka kwa nani, asili yake, tarehe ya kupanda, njia, na matokeo. Ongeza safu ya tahadhari kwa mimea inayozaa mbegu nyingi mno au kusambaa kwa vipande. Gugu maji na Lantana camara vilisafirishwa duniani kama mapambo, na sasa vinafunika maziwa na malisho. Mmea wa namna hiyo usiugawe.

Mche ukifa, usiitoe namba yake kwa mwingine. Andika tarehe, ulivyokuwa siku ya mwisho ulipokuwa hai, na unachodhani kimeuua. Ikifika miche mitatu ya spishi moja, chukua ukurasa huo ukamwonyeshe mtunza bustani anayeihudumia spishi hiyo. Atasoma safu ya asili kwanza, kisha atakuuliza unamwagilia mara ngapi.